Mbuzi Ndani ya Kaseti

Kelele zilipoanza, saluni ilikuwa imejaa pomoni. Mashine ya kukausha nywele ilikuwa ikivuma kwenye kona, benchi la kungojea halikuwa na pa kuweka hata mkoba, na msusi mwenyewe alikuwa katikati ya kichwa cha mwalimu wa shule ya msingi: upande mmoja misuko imelala vizuri, upande wa pili nywele zimesimama wima kana kwamba zimeona mzimu. Msusi huyo mtaa mzima ulimwita Dada Chapu, kwa jinsi vidole vyake vilivyokwenda mbio kichwani mwa mtu.

Mwalimu ndiye aliyetaka muziki wa zamani. Juu ya kabati palikuwa na redio kaseti, na kando yake sanduku la kaseti ambalo Dada Chapu alikuwa amelitoa kwa mama yake walipokuwa wakisafisha stoo. Mwalimu akapapasa humo bila kutazama, akachomoa kaseti isiyo na maandishi, akaitumbukiza na kubonyeza.

Kwanza ikatoka filimbi ndefu isiyopumua. Halafu, kriiii-krrrr-kriiii! Ungedhani nyuki wamefungiwa ndani ya debe na debe linapigwa mateke.

"Zima hiyo! Itatutoboa masikio!" mtu wa kwenye benchi akapiga yowe.

Dada Chapu hakuzima. Chanuo lilibaki hewani. Macho yalikuwa yamemtoka.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuwa na duka la kuchapisha na kutengeneza kompyuta ukuta kwa ukuta na saluni. Akaja mbio na bisibisi mkononi. "Shemeji, redio inaungua?"

"Haiungui. Hebu nyamaza kwanza."

"Sasa hicho kinacholia ni nini?"

"Ni mbuzi," akasema Dada Chapu.

Saluni nzima ikamtazama. Mwalimu akageuza kichwa chake cha nusu kwa nusu, polepole, kama mtu anayepima kama ni salama kuendelea kukaa kwenye kile kiti.

Ikabidi aeleze, na alipoanza maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Alipokuwa msichana, likizo zote alizimalizia kwa mjomba wake, fundi wa mitambo kwenye kituo cha redio. Mjomba alikuwa amepewa kompyuta ndogo ya nyumbani na mwenzake wa kazini aliyekuwa akihama. Ilikuwa ndogo kiasi cha kuingia kwenye mkoba wa shule, vitufe vyake vya mpira, laini kama kifutio. Haikuwa na skrini; uliichomeka kwenye televisheni. Haikuwa na mahali pa kuhifadhi kitu. Ukizima umeme, kila ulichoandika kinayeyuka. Kwa hiyo uliiunganisha na kinasa sauti, nayo ikaiimba kazi yako kwenye kaseti, na kesho yake ukaichezesha kaseti ili mashine isikilize na kukumbuka.

"Ndiyo hizo kelele," akasema. "Hiyo ni gemu. Niliitunga mwenyewe. Mbuzi wa mjomba anaingia bustanini kula kabichi na mwenye bustani anamkimbiza."

"Wewe?" mwalimu akauliza. "Wewe uliyenifinya sikio sasa hivi?"

"Mimi huyu huyu."

Mashine yenyewe ilikufa kifo cha kijinga. Paa la mjomba lilivuja, na mvua ikachagua kudondokea pale pale ilipowekwa. Dada Chapu alilia wiki hiyo, kisha shule ikafunguliwa, kisha maisha yakaenda yalikokwenda. Alijifunza kusuka kwa shangazi yake, akaipenda kazi, akaolewa, akafungua saluni. Hakuwahi kujihurumia. Ila alikuwa ameamini kabisa kwamba yule mbuzi alizama siku ile na mashine yake.

"Shemeji," akasema yule fundi kompyuta, na sasa naye macho yalikuwa yanamcheza, "mashine si lazima. Kuna programu zinaitwa viigizi. Unaiweka kwenye kompyuta ya kawaida, inajifanya ile mashine ya zamani, inafikiri kama hiyo, mpaka upungufu wake inauiga. Ukiipa kaseti, haitajua kwamba haiko kwa mjomba wako."

"Usinitanie."

"Nikutanie kuhusu kompyuta? Mimi?"

Akatoweka, akarudi na kompyuta yake ya mkononi na waya. Akachomeka upande mmoja kwenye tundu la visikilizio la redio, upande wa pili kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta, ili sauti ya kaseti iingie na kuwa faili. Wakairudisha kaseti mwanzo. Kelele zikalia upya, na safari hii hakuna aliyeziba masikio. Benchi lote lilikuwa limeinama mbele.

Faili ikaingizwa kwenye kiigizi. Skrini ikageuka kuwa mraba mweupe, kingo zake zikaanza kucheza mistari ya rangi, Dada Chapu akashika mabega ya mwalimu kwa nguvu, kisha mistari ikakatika. Kaseti haisomeki. Wakajaribu tena. Haisomeki.

"Imezeeka," shemeji yake akasema taratibu. "Utepe nao huchoka."

"Subiri. Sikiliza. Sauti haiko wazi. Kama mtu anayeongea na shuka mdomoni."

Shemeji akasogeza sikio, akatikisa kichwa kukubali. "Kichwa cha kusomea. Labda ni kichafu."

"Au kimekaa upande. Mjomba alikuwa na bisibisi yake ya kukinyoosha."

Wakagawana kazi. Yeye shemeji akafunua redio, akakisugua kile kichwa kidogo cha chuma kwa pamba na spiriti mpaka pamba ikatoka kahawia. Dada Chapu akashika bisibisi, kaseti ikachezeshwa, naye akawa anazungusha skrubu kidogo kidogo huku amefumba macho. Ikafifia. Akarudisha. Ikapanda, ikapanda, mara ikawa kali, safi, inakwaruza hadi kwenye meno.

"Hapo hapo! Usiguse!" wakasema wote wawili kwa pamoja.

Wakarekodi upya. Kingo zikacheza rangi, zikaendelea, hazikukatika. Hakuna aliyepumua. Kisha skrini ikasafika, na herufi nene zenye kona kona zikajipanga juu: MBUZI WA MJOMBA.

Dada Chapu alipiga kelele iliyowatoa watu kwenye maduka ya jirani. Alimkumbatia shemeji yake, akamkumbatia mwalimu, akamkumbatia hata mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha nywele ambaye hakusikia lolote na alidhani kumetokea msiba.

"Bonyeza! Bonyeza tuone!"

Akabonyeza. Mbuzi akatokea, akapita kama risasi, akafa. Akabonyeza tena. Akafa kabla kidole hakijanyanyuka.

"Huyu mbuzi kanywa nini?" mwalimu akauliza.

Shemeji akajipiga paji la uso. Alikuwa amekiacha kiigizi kikimbie kwa kasi yote ya kompyuta mpya. Akakirudisha kwenye mwendo wa zamani, na mbuzi akaanza kutembea kama mbuzi. Kusema kweli alifanana zaidi na stuli yenye masikio, na mwenye bustani alikuwa fimbo yenye kofia, lakini alipoikuta kabichi ya kwanza akaitafuna kwa mlio mdogo, pwi-pwi, saluni ilivunjika mbavu kwa kucheka.

Mwalimu alikwenda nyumbani jioni ile akiwa amesukwa upande wa kushoto kwa utulivu na upande wa kulia kwa furaha, na tofauti ilionekana wazi. Hakulalamika. Alisema atarudi kucheza.

Mtu aliyepigiwa simu kwanza alikuwa binamu, mtoto wa yule mjomba, ambaye enzi hizo alikuwa mpinzani wake wa kufa na kupona. Binamu alikuwa mwalimu wa udereva, mtu anayesifiwa kwa upole, wanafunzi wake waliweza kupanda ukingo wa barabara naye akasema tu, "Tujaribu tena." Jumamosi mchana alifika na sare ya kazi, hata hakukaa chini vizuri.

"Yuko wapi?"

"Salimia watu kwanza, binamu."

"Hamjambo wote. Yuko wapi?"

Alipomwona mbuzi aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Kisha akakalia kiti cha kusukia, na upole wake wote ukaisha. "Kata kona! Kata kona, wewe! Breki! Breki! Aaah, umeniua!" Wateja walisahau kilichowaleta. Bustani ya kwanza akaipita, ya pili akaipita kwa taabu, ya tatu ikamtoa jasho. Kwenye ya tano akafa tena na tena.

Shemeji, kwa moyo mwema, akamwonyesha kitufe. "Hiki kinagandisha kila kitu kama kilivyo. Ukifa, unarudi ulipogandisha."

"Hapana!" Dada Chapu akaruka. "Huo ni wizi!"

"Ni teknolojia," binamu akasema, kidole tayari juu ya kitufe.

"Barabarani mwanafunzi wako akigonga ukuta, unagandisha?"

"Barabarani hakuna mbuzi wa kipumbavu kama huyu!"

"Nilimtunga mimi huyo!"

"Ndiyo maana!"

Benchi likagawanyika, wengine wakitaka kitufe, wengine wakikataa. Mwisho binamu akaondoa kidole kwa heshima ya kujilazimisha, akavuta pumzi, akacheza kihalali. Akapita pembeni ya ukuta, akamzunguka mwenye bustani, kabichi ya mwisho, pwi-pwi, akapita!

Skrini ikawa nyeusi. Shangwe zikaanza, zikakatika. Maneno yalikuwa yakijiandika, herufi moja moja:

BADO NAJENGA. RUDI LIKIZO IJAYO.

Dada Chapu alikuwa amesahau kabisa. Aliyasoma kana kwamba ameandikiwa na mtu mwingine, na kwa namna fulani ndivyo ilivyokuwa: msichana wa vidole vyembamba, amekaa sakafuni kwa mjomba, ana uhakika kwamba likizo ijayo itakuja na mashine itakuwepo. Binamu naye akawa anatazama viatu vyake.

"Basi, shemeji," fundi kompyuta akasema hatimaye, "hiyo likizo si ndiyo hii?"

Dada Chapu akafuta macho kwa taulo ya saluni, akacheka. "Sogea, binamu. Kaa huko."

Akausimamisha mchezo ili aone maagizo yaliyouendesha. Yakajitokeza mstari kwa mstari, kila mmoja na namba yake, na mwanzoni hakuelewa hata mmoja. Alijiona mjinga mbele ya mtoto, na mtoto huyo ni yeye. Lakini alipoweka mikono kwenye vitufe, kitu kikaamka. Kwenye ile mashine, na sasa kwenye kiigizi chake, kitufe kimoja kiliandika neno zima la amri, na vidole vyake vilijua kila neno linakaa wapi kabla akili haijajiuliza. Akaandika mstari. Ukakubali. Akaandika mwingine.

Kwa siku zilizofuata alisuka kwa mikono na kujenga kwa kichwa. Mteja akiuliza habari za nyumbani, anajibiwa, "Nzuri, ila mbuzi anapita ukutani." Mumewe alikuja kumletea chai akakuta watu wazima wanabishana kama kabichi iweze kukimbia au isiweze. Palipoharibika, shemeji alikaa naye wakatafuta kosa pamoja, na mara mbuzi akageuka kuwa mwenye bustani, mara mwenye bustani akala kabichi zake mwenyewe, na kila kosa lilichekwa kabla ya kurekebishwa. Alikuwa hajachangamka hivyo tangu alipofungua saluni.

Bustani ya sita haikuwa bustani. Mbuzi alikuwa ametoka nje ya lango, akaikuta barabara, na barabarani magari yalikwenda kombokombo huku kila moja limebandikwa alama ya mwanafunzi.

Binamu alipoyaona aliganda. "Umenitukana."

"Nimekukumbuka."

"Hakuna hata moja linalowasha indiketa!"

"Wanafunzi wako hao, siyo wangu."

Alicheza mchana wote. Alikanyagwa, akaanza upya, akakanyagwa, akaanza upya, akiyapa magari maelekezo ambayo hayakuyasikia. Alipovuka upande wa pili, mbuzi akafika malishoni, akalala chini, na mlio wa wimbo mfupi ukalia, ule wimbo ambao mjomba alikuwa akiupiga mluzi akirudi kutoka kazini. Binamu aliutambua kwa sauti zake tatu za mwanzo. Alitoa simu akampigia baba yake, akaishika karibu na spika, akaanza upya ili mzee ausikie.

Mjomba alisikiliza hadi mwisho, kisha sauti yake ikatoka kubwa kuliko ilivyohitajika. "Nani amewasha ile mashine? Mwambieni aiondoe chini ya paa!"

Saluni ikalipuka kwa kicheko. Dada Chapu akaichukua simu. "Mjomba, ni mimi. Iko salama. Kesho nakuja nayo, utaicheza."

"Mimi? Na vidole hivi?"

"Nitakupunguzia mwendo wa magari."

"Usinipunguzie," mjomba akasema. "Yaache vilevile."