Nilivyomuaga Marehemu wa Jukwaani

Mimi shule ilinishinda mapema, lakini mashine ya kusaga mahindi hapa Tuwan nilinunua kwa jasho langu. Juzi mjukuu wangu Nekesa akanisikizisha bendi ya muziki wa metali, vijana wa kujipaka rangi kama wafu. Nikaipenda, inanguruma kama mashine yangu. Majirani wakasema ni ya shetani, nikawaita waoga.

Tukaenda kuwaona Bungoma. Jeneza likaletwa jukwaani na umati ukashangilia. Wajinga hawa, hata adabu ya matanga hawana. Nikavua kofia, nikapanda kumuaga marehemu.

"Kuka, babu yangu, shuka, hiyo ni shoo," Nekesa akaniita.

"Nyamaza. Mtu amelala hapa."

Marehemu akafumbua macho. "Niaje, mzee?"

Nilikuwa nimefika getini spika zilipotangazia Bungoma nzima: "Mzee, rudi uchukue kofia. Mimi ni mzima."