Shairi la Mkunga

Kijijini kwetu Ujerumani, tangu vita viishe, hakuna keki ya kuzaliwa inayokatwa kabla jirani yetu mwandishi hajasoma shairi. Husimama, hulamba krimu kidoleni, hufunga kifungo cha koti, kisha sauti yake huvuma kama kinanda cha kanisani. Siku ya kuzaliwa ya mkunga wetu, Bi Mechthild, alianza: “Mikono yako imetutoa gizani…” Detlef, mwoka mikate, akaangua kicheko.

“Jirani, si ndilo ulilomtungia Kiongozi wakati wa vita, tukakaririshwa shuleni?”

Masikio ya mwandishi yakawa mekundu. Mkunga akamkatia kipande kinono. “Kula kwanza. Halafu ukanitungie la kwangu.”

Jumapili iliyofuata alilileta. Lilikuwa baya ajabu, nasi tukalipigia makofi mpaka vikombe vikacheza mezani.