Mlango Uliokataa Kuvunjika

Saa mbili na nusu asubuhi, karakana imekwisha kujaa vumbi la mbao. Mwanamke mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu ameinama juu ya mlango usiokamilika, utepe wa kupimia mkononi. Anapima kutoka pembe ya juu kushoto hadi pembe ya chini kulia, kisha anapima pembe mbili zilizobaki. Vipimo vimetofautiana kwa milimita mbili. Anaguna, anatwaa nyundo ya mbao, anagonga pembe moja, anapima upya.

"Fundi, milimita mbili ataziona nani?" anauliza mmoja wa wanawake watatu wanaojifunza kazi hapa.

"Mlango utaziona. Ukipinda leo, kesho utalia kila ukifunguliwa. Tena mteja huyu ana maneno. Namfahamu mimi."

Mtaani humwita Mama Komeo. Hakuna mlango unaotoka katika karakana yake bila komeo la mti alilolichonga mwenyewe, liwe limeagizwa au halikuagizwa. Mteja mwenye kitasa kipya cha chuma akilalamika kwamba halihitaji, humjibu kwa neno moja tu: "Likae. Halili chakula."

Komeo hilo lina historia.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja mama yake alipoolewa tena. Baba wa kambo alikuwa mtunza ghala, na funguo zake zilining'inia kiunoni mchana kutwa. "Tulimtambua kwa mlio wa funguo kabla hatujamwona," anasimulia. "Ukiwa unacheka, kicheko kinakatikia kooni."

Juu ya jicho lake la kushoto pana kovu la nyuzi saba, kazi ya kichwa cha chuma cha mkanda wa mtunza ghala. "Daktari alipouliza, mama alisema nimeanguka. Mimi nikasema nimeanguka. Mdogo wangu naye, hajafika hata darasa la kwanza, akasema nimeanguka. Tulikuwa hodari sana wa kuanguka katika nyumba ile."

Siku moja mtunza ghala aliwakuta mabinti hao wawili wamejifungia chumbani wakicheka. Hakuwapiga. Aliuchomoa mlango katika bawaba zake, akauegemeza nyuma ya nyumba. "Katika nyumba yangu hakuna kujifungia," alisema. Mvua iliunyeshea mlango huo hadi ukaoza. Kwa miaka minne watoto walilala, waliamka na kuvaa nguo mbele ya uwazi.

Jirani yao alikuwa seremala, mtu wa maneno machache, na hayo machache yalikuwa machungu. Binti alimfagilia karakana kila alipotoka shuleni, naye akampa vipande vya mbao visivyofaa kuuzwa. Alipokuwa na miaka kumi na minne alimletea mlango wake wa kwanza. Seremala aliuzunguka mara moja.

"Huu si mlango, binti yangu. Hii ni chanja ya vyombo."

Akaubomoa mbele ya macho yake. Wa pili akaubomoa vilevile. Wa tatu ulichukua wiki tisa. Kila ubao ulichongwa ulimi, ulimi ukaingizwa katika tundu la ubao mwenziwe, ukatiwa gundi ya seremala na kupigiliwa kigingi cha mti. Nyuma zilikazwa mbao tatu za mkingamo. Komeo la chuma hakuwa na uwezo nalo. Akachonga la mti. Alikuwa amekwisha kutimiza miaka kumi na mitano.

Aliupachika siku ya Jumamosi, mtunza ghala akiwa kazini. Saa tisa alasiri funguo zikasikika uani.

"Mimi na mdogo wangu tulikuwa ndani. Mama akatoka jikoni mbio, akaja mlangoni kwetu. Nilidhani amekuja kutuambia tutoke, tuombe radhi, kama siku zote. Aliingia. Akageuka. Akalisukuma komeo kwa mkono wake."

Mtunza ghala aliupiga mlango kwa bega, kwa teke, kisha kwa kigoda. Mdogo mtu alihesabu mapigo kumi na saba. Majirani wakajaa uani, na mbele yao seremala, amefumbata mikono.

"Piga tena, bwana," alisema. "Nataka kuijua gundi yangu vizuri."

Watu wakaangua kicheko. Mtu aliyezoea kuogopwa hakujua la kufanya na kicheko hicho. Akatoka, funguo zikimlilia kiunoni. Jioni hiyohiyo mama na wanawe walihamia kwa mama mkubwa, hawakurudi tena.

Tangu siku hiyo mama hakuitaja hata kwa nusu neno. Binti alipata ufundi, akapata karakana, akapitisha miaka ishirini na minane bila kujua kama mama yake ameisahau siku ile, au anaionea haya. Hakuthubutu kumuuliza.

Mwaka jana kikosi cha filamu kilimwagiza ajenge vyumba viwili ndani ya bohari tupu. Hakuelezwa kisa chenyewe hadi mwongozaji, mwanamke wa rika lake, alipomtajia kazi ya mwisho: mlango wa chumba cha msichana, utakaovunjwa na baba wa kambo kwa pigo moja.

Milango ya namna hiyo ina ufundi wake. Hukatwa kwa msumeno upande wa nyuma, nusu ya unene wa ubao, ili ipasuke kwa urahisi. Mama Komeo alizikata mbao kama alivyoagizwa. Lakini alipoziunganisha, mikono yake ilishika njia iliyoizoea: ndimi zikatiwa gundi, vigingi vikapigiliwa, na juu ya mikato ile ile aliyoipasua mwenyewe akakaza mbao tatu za mkingamo. Anaapa kwamba hakukusudia. "Nilikuwa nikiwaza mambo mengine. Niliposhtuka, mlango ulikuwa umesimama, na komeo juu."

Mwigizaji wa nafasi ya baba wa kambo, bwana mpole mwenye mwili wa bondia, alichukua mbio na kujitupa. Mlango ukamrudisha alikotoka. Akaketi sakafuni, ameshika bega.

"Mama, nimekukosea nini?"

Bohari zima lilicheka, isipokuwa mwigizaji msichana aliyekuwa ndani ya chumba. Hakuwa ameambiwa afanye nini iwapo mlango hautavunjika. Alikuwa bado ameshikilia komeo kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa umebadilika. Kamera ilikuwa ikiunasa.

"Fundi," alisema mwongozaji, "mswada unasema mlango unavunjika."

"Basi mswada umekosea," alijibu Mama Komeo, na hapo ndipo alipoisimulia Jumamosi yake kwa mara ya kwanza kwa watu wasio wa damu yake. Mwongozaji aliitazama tena picha ya msichana yule mara tatu. Kisha akaufuta ukurasa wa mwisho wa mswada. Mlango ukabaki umesimama.

Filamu ilipoonyeshwa mwezi uliopita, binti alimpeleka mama yake, sasa mwenye miaka sabini na mmoja, bila kumwambia inahusu nini. Alijutia jambo hilo mara tu mlio wa funguo uliposikika kutoka kwenye filamu. Mama aliubana mkoba kifuani. Katika filamu, mwongozaji alikuwa ameweka komeo la chuma linalong'aa, kwa kuwa lilipendeza zaidi kwenye kamera. Baba wa kambo akapiga. Mlango haukutikisika.

Ndipo sauti ikapaa katika giza la ukumbi.

"Lilikuwa komeo la mti, si la chuma!"

Watu wakageuka. Mtu mmoja akasema, "Shikamoo bibi, tunaomba kusikia."

"Marahaba. Nami naomba lisemwe sawasawa," akajibu, amesimama wima. "Nilikuwapo. Mimi ndiye niliyelisukuma."

Makofi yakaanzia viti vya nyuma, yakajaa ukumbi mzima, filamu ikiwa bado inaendelea. Binti, ambaye hakulia kwa nyuzi saba, alilia hapo hadi taa zilipowashwa.

Sasa Mama Komeo ana mpango. Kuanzia mwakani hakuna mwanafunzi atakayehitimu katika karakana yake kabla hajatengeneza mlango wa chumba chake mwenyewe, naye bwana mpole mwenye mwili wa bondia amekwisha kukubali kuja kuijaribu milango hiyo. "Bega limepona," anasema fundi. "Nimemuuliza."

Lakini kwanza kuna mteja mwenye maneno. Mlango uliomo mezani asubuhi hii ni wa chumba cha mama yake, na utapachikwa Jumamosi. Mama mwenyewe ameagiza pawe na kioo kidogo, usawa wa macho.

"Zamani nilitaka mlango wa kujificha," alimwambia binti yake. "Sasa nataka kumwona anayekuja."

"Na komeo, mama? Niliweke?"

"Liweke, mwanangu. La mti. Likae tu, halili chakula."