Walivyomgeuza Mdogo Wangu Kuwa Sababu

Mdogo wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma hapa Panda, mtaa wa Likasi, nyuma ya nyumba ya kampuni tuliyoachiwa na baba. Mageti mengi ya mtaa wetu yametoka mikononi mwake. Hakuwa mtu wa ugomvi. Wateja wakianza kurushiana maneno, aliingia ndani akawangoja wapoe.

Siku mheshimiwa, mbunge wetu, alipokuja Likasi tulikwenda kumsikiliza, mama, mdogo wangu na mimi, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika na kazi haikuwezekana. Uwanja ulijaa. Mheshimiwa alikuwa amekunja mikono ya shati kama mtu anayetaka kushika koleo. Hakuanza na vita. Alianza na amani, jinsi anavyoipenda, jinsi alivyoitafuta akafungiwa kila mlango.

"Sisi hatukutaka vita," akasema. "Vita imetufuata nyumbani. Huko mashariki mama zenu wanalia. Nani atawafuta machozi?"

Akatega sikio makusudi. Vijana wakaitika, "Sisi!" Mdogo wangu naye akaitika, mishipa ya shingo imemtoka. Sikuwa nimewahi kumsikia akipaza sauti namna ile.

Sisemi mheshimiwa alidanganya. Watu waliokimbia mashariki tumewaona kanisani kwetu, na waliyoyasimulia siwezi kuyarudia. Hilo ndilo linalonitesa. Maneno yake yalikuwa na ukweli wa kutosha kumchukua mtoto wa mtu.

Tukiwa njiani kurudi, mama alimwuliza, "Weye uliitika nini kule?"

"Mama, banaua batu."

"Najua. Lakini miye njo mama yako. Niko nalia?"

"Hapana, mama."

"Basi bakia."

Hakubaki. Alimalizia geti la jirani, akalipaka rangi, akanikabidhi funguo za karakana. "Yaya, uangalie mama," akaniambia, kama tunavyomwita ndugu mkubwa, kisha akapanda lori la jeshi pamoja na wenzake waliokuwa wakiimba.

Alitupigia simu mara chache. Siku moja nilimwuliza kama wakubwa wao huwaeleza vita inakwendaje. Akacheka kidogo. "Yaya, huku tunaongea juu ya maji tu. Tuko na kiu." Mtandao ukakatika.

Aliyetupa habari ni mwenzake wa kikosi. Alitaja jina la mdogo wangu, akashindwa kuendelea, na mama akaishusha simu taratibu kwenye mkeka. Maiti hatukuletewa. Tuliweka kilio uani, picha yake juu ya kiti.

Mheshimiwa alikuja na magari. Alimshika mama mkono kwa muda mrefu, na nadhani uchungu wake ulikuwa wa kweli. Kisha akasimama kando ya ile picha.

"Kijana huyu amelala kule kwa ajili yetu," akasema. "Leo wapo wanaotaka tukae mezani na adui. Tukikubali, damu yake itakuwa imemwagika bure."

Watu wakapiga makofi. Kwenye kilio, makofi! Mdogo wangu alikwenda kwa sababu ya waliokufa kabla yake, na sasa alikuwa amewekwa mstari mmoja nao, ili wengine wamfuate.

Mama akainuka. "Mheshimiwa, mutoto wangu hakuomba damu ya mwingine. Kaeni mezani. Muongee."

Mtu mmoja wa msafara akamrudisha kwenye kiti kwa upole. "Ni uchungu, mama," akamwambia. Mheshimiwa akaendelea kuhutubia.

Nyuma ya umati alisimama rafiki yake mdogo wangu, jirani yetu, fundi aliyekuwa akichomelea naye tangu walipomaliza shule. Juma lililofuata akajiandikisha jeshini. Mama yake ndiye aliyetupikia bukari, ugali wetu wa huku, siku zote za kilio. Alikuja mlangoni kwetu, hakutaka kuingia.

"Nilimuzuia," akasema. "Ananiambia eti akibakia, mutoto wenu atakuwa alikufa bure. Nitamujibu nini?"

Mama akanyoosha mkono amguse. Yule mama akarudi nyuma hatua moja, akaondoka.

Mpaka leo mwanawe yuko huko vitani. Tukikutana na yule mama sokoni, mama yangu humsalimia, naye hutazama pembeni kama hakusikia. Mama hajaacha kumsalimia.