Nilimsingizia Akonaay Kifo cha Ng'ombe wa Shule

Nina kosa. Naanza hapohapo, nisije nikazungukazunguka mpaka ujasiri ukaniisha. Nilimharibia mtu maisha kwa mdomo wangu huu, nikiwa na akili zangu timamu, mchana, watu wakinisikiliza.

Jina langu silitaji. Mimi ni mzee wa Tumati, mwalimu mstaafu. Wajukuu wananiita babu mpole. Babu mpole! Laiti wangejua.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Mimi na Akonaay tulitoka kijiji kimoja, tukachaguliwa pamoja kwenda sekondari ya serikali, ya bweni, upande wa pili wa wilaya. Kuchaguliwa enzi zile si mchezo, jamani! Kijiji kizima kilitusindikiza hadi barabarani. Akonaay alikuwa na kichwa chepesi. Hesabu alinifundisha yeye, akichora kwa mkaa kwenye sakafu ya bweni, na nikikosea alicheka hadi anakohoa.

Tulikuwa kidato cha tatu, likizo, mdogo wake Akonaay alipofariki. Mtoto mdogo tu, homa.

Sasa kwetu Wairaqw, nyumba ikifiwa hivyo watu wake hujitenga. Hawali chombo kimoja na majirani, ng'ombe wao hawachungwi na wa wengine, hawatembelei mtu mpaka muda wao uishe. Tunaita metimani. Hata sisi tuliobatizwa tuliiogopa. Kanisani tulikataa, nyumbani tulifuata.

Shule ikafunguliwa muda wao haujaisha. Akonaay akaja hivyohivyo. Alinivuta nyuma ya bweni.

"Baba ameniruhusu," akasema. "Amesema shule ni ya serikali, haina metimani. Ila wewe unawajua watu wetu. Nakuomba, ndugu yangu, usimwambie mtu."

"Nimwambie nani?" nikamjibu. "Mimi si mtoto."

Shuleni tulilima na kufuga wenyewe, elimu ya kujitegemea. Tulikuwa na ng'ombe mmoja wa kisasa, zawadi, mnene, mwenye dharau. Tulimwita Shangazi. Mkuu wa shule alimpenda kuliko sisi. Muhula ule mimi na Akonaay tulipangiwa zamu ya ng'ombe. Yeye alimkamua, mimi nilimrudisha zizini na kufunga lango.

Siku hiyo kulikuwa na mpira. Nikamwingiza Shangazi, nikasikia filimbi, nikakimbia. Lango sikulifunga! Akatoka, akaingia kwenye maharage mabichi, akala anavyotaka. Tulimkuta amelala ubavu, tumbo limevimba, ulimi nje. Hata kisu cha kumtoboa tumbo, gesi itoke, hakikuwahi.

Mungu wangu, niliogopa! Nilijiona nimefukuzwa, natembea na sanduku kuelekea Tumati, mama ananiangalia.

Wavulana wa kwetu walikuwa wamemzunguka yule mnyama, kila mmoja anashangaa. Ndipo nikafungua huu mdomo.

"Mnashangaa nini?" nikasema. "Amekamuliwa na mtu aliyetoka kwenye metimani."

Basi. Sikuongeza neno. Halikuhitajika.

Mwalimu wa kilimo alipouliza nani alifunga zizi, hakuna aliyemsikia tena. Watu walikuwa wanamwangalia Akonaay. Jioni ile, bwaloni, meza yetu ilihama yote. Bakuli la mboga likabaki na yeye peke yake. Alikaa, akala polepole, akaosha sahani yake.

Na mimi? Nilihama na wenzangu. Ndiyo, nilihama!

Mkuu wa shule alikuwa mtu wa Songea, mkali, mwenye moyo. Alipopata habari alikuja bwaloni, akakaa mezani kwa Akonaay, akala naye sahani moja mbele ya wote. Akasimama akasema, "Hapa hakuna makabila! Hapa ni Tanzania! Nani ananisikia?"

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga zaidi, nikidhani nimeokoka.

Wiki ileile mkuu akaugua malaria. Malaria tu, ndugu zangu, kama anavyougua kila mtu! Lakini nani angewaambia? Hata vijana wa Bukoba na Mtwara, waliokuwa wakitucheka kwa mila zetu, walianza kupitisha kikombe mbali na Akonaay.

Hapo nikashtuka. Nikaenda kwa wale wavulana, nikawaambia ukweli, kwamba ni mimi, ni lango, ni maharage.

Wakanicheka. "Unamtetea kwa sababu ni wa kijijini kwenu," mmoja akasema. "Na mkuu naye, alikula maharage?"

Nikaenda mpaka nyumbani kwa mkuu. Alikuwa amejifunika blanketi mlangoni, anaota jua, ametoka kitandani siku hiyohiyo.

"Unataka nini, kijana?"

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Eh, unataka nini?"

"Nimekuja kukujulia hali, mwalimu."

Akanishukuru. Akasema mimi ni kijana mwema. Nikaondoka na sifa ile, la lango sijalisema.

Asubuhi moja tulikuwa kwenye mchakamchaka, ukungu mzito, baridi ya kwetu mnaijua. Tunakimbia kwa mistari, tunaimba. Kwenye kona ya barabara nikamwona Akonaay amesimama na sanduku lake la bati, anasubiri lori. Tulimpita karibu kabisa. Aliniangalia usoni.

Alijua. Siri alimwambia mtu mmoja tu, atakosaje kujua?

Nami nikaendelea kuitikia wimbo. Kwa sauti! Mpaka leo nikiwasikia watoto wa shule wanakimbia na kuimba, naingia ndani.

Nyumbani habari ilikuwa imemtangulia, kupitia watu wa mnadani. Wazee wakasema amevunja metimani, amekula na watu, kwa hiyo nyumba yao ianze upya. Mavuno yakafika, hakuna jirani aliyekwenda kuwasaidia. Baba yake alijaribu kuvumilia, akashindwa. Vijiji vipya vilipofunguliwa Hanang akahamisha familia yote hadi Balangdalalu. Akonaay hakurudi darasani tena.

Mimi nilimaliza. Nikawa mwalimu, nikafundisha hesabu, zile alizonifundisha yeye.

Miaka ikapita, nikapelekwa kufundisha Hanang. Nilizunguka sana kabla ya kwenda kwa Akonaay. Siku niliyokwenda nilimkuta analima, mvi zimeanza. Alinipokea vizuri mno, akanipa kiti chenye mgongo. Ila hakuniita jina langu. Aliniita mwalimu.

Nikasema yote. Nililia mbele ya mkewe, bila aibu. "Lile lango, Akonaay. Sikulifunga. Nilikimbilia mpirani."

"Najua," akasema. "Nilikuwa natoka na ndoo ya maziwa, nikakuona ukikimbia. Nilijua utarudi kulifunga."

"Kwa nini hukunisema?"

"Wangekufukuza. Halafu nilidhani utasema mwenyewe."

Mkewe akaleta ugali na maziwa ya mgando, kwenye sinia moja, kama wageni wanavyopewa. Nikanawa, nikamsubiri. Akonaay akachota chake kwenye kisahani, akaenda kukaa mlangoni, mgongo kwetu.

"Njoo tule pamoja," nikamwambia. "Tafadhali."

"Kula, mwalimu, usijali. Mimi nimezoea hivi."

Mkewe akaangalia chini. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba hata na watoto wake hali sahani moja. Hajawahi kumwambia kwa nini.

Sikumeza, ndugu zangu. Nilishika lile tonge mpaka likapoa mkononi. Ningefanya nini? Nimwombe msamaha? Alishasamehe zamani, ndiyo maana naumia hivi. Nimrudishe shule? Alikuwa mtu mzima mwenye mvi.

Wewe unayesoma, ukiwa umekosa, sema siku ileile. Fukuzwa, chapwa, aibika, rudi kwenu na sanduku lako. Usingoje! Mimi nilingoja kidogo tu, na nilipousema ukweli hakuna aliyeutaka.

Akonaay alizikwa Balangdalalu mwaka jana. Nilikwenda. Baada ya mazishi tukagawiwa chakula, na mwanawe mkubwa akanawa, akachukua kisahani chake, akaenda kukaa mlangoni peke yake.