Mgeni wa Al Jumail

Mke wangu Rehema ameshaniambia kwa mdomo wake kwamba nimeoa huku Doha. Mama yake anasema hivyo hivyo, na majirani zetu wa Mtwapa wameshamjua huyo mke mwenza, wengine wanasema Mfilipino, wengine Mhabeshi. Basi nisikilize wewe, maana wao hawataki. Sina mwanamke huku. Kinachonizuia kurudi nyumbani kilinipata mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu, na shahidi ninaye. Ukitaka kucheka cheka, ila ungoje nimalize.

Mimi naendesha gari la watalii. Wageni wengi wanaridhika na maghorofa ya West Bay, lakini wapo wanaopenda njia ya kaskazini. Hao nawapitisha Al Khor, nawasimamisha kwenye mikoko ya Al Thakhira, pale bahari inapoingia nchi kavu kwa vijito, kisha tunafuata vijiji vya zamani vya wavuvi na wapiga mbizi wa lulu. Vimehamwa vyote. Kuta za mawe zipo, watu hawapo. Huwa nawaeleza jinsi mpiga mbizi alivyofungwa jiwe mguuni na kamba kiunoni, akabanwa pua kwa kibano cha mfupa ili maji yasiingie. Nawaeleza pia kwamba baadhi yao waliletwa kutoka pwani yetu wakiwa watoto, na hakuna aliyewauliza kama wanataka kuja.

Ijumaa hiyo wageni wangu walikuwa watu wa nyumbani. Achieng ni nesi, anakaa Fereej Bin Mahmoud, na alikuwa amemleta mama yake matembezi kutoka Siaya. Mama alikuwa anarudi Kenya Jumapili. Mimi pia nilikuwa na furaha zangu, kwa kuwa likizo yangu ilikuwa imekubaliwa na Rehema alikuwa ameshaanza kuipaka nyumba rangi. Njia nzima Mama alikuwa akinitania kwamba nitafika nisijulikane na watoto wangu.

Tulifika Al Jumail, kimoja cha vijiji hivyo, baada ya alasiri. Wao wakashuka kwenda kuangalia msikiti wa zamani na zile nyumba. Mimi nilibaki garini, nikafungua kioo na kontena langu la chakula. Mbaazi za nazi na mahamri, nimepika mwenyewe.

Sasa, wewe unajua tulivyolelewa. Huwezi kutia tonge mdomoni mtu anapita ukanyamaza. Unasema karibu, naye anasema starehe, anaenda zake. Hakuna anayetarajia mtu akae. Akapita mtu, amevaa kanzu iliyochakaa, miguu mitupu. Mdomo wangu ukasema wenyewe, "Karibu."

Akasimama. "Nimekaribia," akasema.

Kwa Kiswahili. Cha kwetu kabisa, cha kizamani. Kabla sijajua niseme nini, alikuwa ameketi kiti cha nyuma. Nakuapia sikusikia mlango.

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Huku ukizubaa umeisha. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba huyu ametumwa na kampuni, maana tumekatazwa kupakia watu wa njiani, na bosi wetu haishiwi mbinu za kututega. Nikatazama kama ameshika simu ya kunirekodi. Hana kitu. Basi atakuwa mchunga ngamia aliyetoroka kwa mwajiri, nikawaza, na akikutwa humu nitaulizwa mimi. Nikampa hamri na mbaazi kidogo ale aende.

Alikula polepole, amefumba macho. "Ni nazi hii," akasema. "Nimesahau kijiji chetu kinaitwaje, lakini nazi sikuisahau."

"Wewe ni wa wapi, mzee?"

"Huko huko kwenu. Wenyeji wa hapa walipohama hawakunichukua. Wewe mwanangu, mama yako anaitwa nani?"

Hapo ndipo shaka ikanipanda kwelikweli. Mtu anayetaka jina la mama yako anataka kulifanyia nini? Nikamwambia mama yangu ameshafariki, nikaachia hapo. Akatabasamu tu.

Mama Achieng akarudi peke yake, magoti yanamsumbua, binti amebaki nyuma na kamera yake. Akaingia nyuma, akafunga mkanda, akamwona.

"Kumbe kuna Mkenya mwingine hapa! Habari yako, baba?"

"Nzuri, mama. Unarudi nyumbani lini?"

"Jumapili, Mungu akipenda. Nimechoka na hii AC yao, inaniumiza mifupa."

"Mimi natamani kurudi," akasema yule mtu, "lakini sina mwenyeji. Siwezi kufika kwa watu bila kukaribishwa. Nikija kwako, mama, utanikaribisha?"

Nikageuza macho kwenye dashibodi. Gari letu lina taa za viti vya nyuma. Mtu akikaa, taa ya kiti chake inawaka nyekundu mpaka afunge mkanda, kisha inakuwa kijani. Kuzikagua ndiyo kazi yangu kila nikitaka kuondoka. Taa ya Mama ilikuwa kijani. Ya jirani yake ilikuwa imezimika kabisa, kama kiti kisichokaliwa. Nikatazama kioo: ameketi. Nikatazama taa: hakuna mtu. Ndipo nikaiona pua yake. Ilikuwa na kovu pande zote mbili, pale kibano kinapobana, pale pale ninapowaonyesha wageni kwa kidole kwenye pua yangu mwenyewe kila wiki. Kanzu yake ilikuwa imelowa mpaka magotini.

Niliogopa, nakwambia. Mama wa watu alikuwa ameshafungua mdomo. Wewe unadhani mama wa Siaya, aliyelea watoto na wajukuu, atamwambia mtu asije kwake? Nikamkatiza.

"Mama, huyu ni mgeni wangu. Mimi ndiye niliyemkaribisha kwanza."

"Kijana, adabu gani hii? Baba wa watu ameniuliza mimi."

"Nisamehe, Mama. Lakini ni wangu."

Yule mtu akanitazama kwenye kioo. "Kweli?"

"Kweli."

"Unasema mbele ya mama huyu?"

"Mbele yake."

"Basi ahsante," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. Niliinama kuwasha gari, nikainua macho, kiti kitupu.

Achieng akaingia upande ule, akaruka. "Nani amemwaga maji hapa? Nimekalia maji!" Mama akauliza yule baba ameshuka saa ngapi. Binti akauliza baba gani. Mimi niliendesha moja kwa moja mpaka Doha.

Mama alifika Siaya salama. Mpaka leo akimpigia bintiye anasema, "Msalimie yule dereva na mgeni wake."

Likizo yangu ilifika, nikaenda uwanja wa ndege na zawadi za watoto. Nimepanga foleni, nikasikia mtu wa usafi akinung'unika. Alikuwa anaweka kile kibao cha njano cha sakafu yenye maji, nyuma yangu. Nikageuka. Nyayo mbichi, za miguu mitupu, zilitoka mlangoni hadi kwenye toroli langu, zikaishia hapo. Alikuwa amepanga foleni na mimi.

Ningempeleka wapi? Kwa Rehema? Kwa watoto wangu? Nilirudi chumbani kwangu Al Mansoura na masanduku yangu.

Humu chumbani nimeshamzoea, kama kuna kuzoea. Chakula changu nikikifungua kazini nakuta nusu haipo, na kilichobaki kina chumvi ambayo sikutia. Asubuhi nakausha sakafu. Hajanidhuru. Siku nyingine namwonea huruma, kisha nakumbuka alivyoniuliza jina la mama yangu, na huruma inaisha.

Kwa hiyo ukija kutembelea vijiji vile, tembea, piga picha, lakini chakula chako kile kimya kimya na usimwambie mtu neno. Ukionekana huna adabu, onekana tu.

Rehema hupiga simu kila usiku. Kila tukimaliza kuongea hutaka kuniambia karibu nyumbani, kama mke yeyote wa msafiri, nami hukata simu kabla hajalisema neno hilo. Jana alilia. Akasema, "Yupo hapo pembeni yako, siyo? Ndiyo maana hutaki nikukaribishe."

Nikakata simu. Yupo, na alikuwa anasikiliza.