Bizari katika Rejeta

Mume wangu alipofariki aliacha mama yake mzazi, watoto wawili wadogo, na gari la teksi lililokuwa likinywa maji kuliko sisi sote.

Tulikaa Malindi mjini, miaka ya themanini. Gari lenyewe alilinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Lilikuwa zee, lakini lilitulisha. Kila asubuhi alilitia maji kabla hajanywa chai, na akienda Kilifi alibeba debe zima nyuma. Nikimuuliza maji yote hayo yaenda wapi, hunijibu, "Na wewe chai unayokunywa yaenda wapi?"

Nilikuwa katika mwezi wa tatu wa eda yangu shemeji alipokuja kutupa uamuzi. Shemeji ndiye kaka mkubwa wa marehemu. Hakuwa mtu mbaya, na sitaki asomwe hivyo. Alikuwa na watoto wake saba na mshahara mmoja. Alimwambia mama mkwe barazani, nami nikasikia kila neno chumbani, kwamba gari likitengenezeka atalitia dereva, na sisi tutakula kwa gari. Lisipotengenezeka, litauzwa chuma chakavu kwa mtu wa Mombasa anayekuja Jumamosi, na mimi na wanangu tutarudi kwetu visiwani, eda ikiisha.

Kwetu visiwani baba yangu alikuwa ameshafariki na nyumba ina ndugu zangu wanne na wake zao. Sikutaka kurudi. Wala si kwa sababu ya nyumba tu. Kaburi la mume wangu liko Malindi.

Shemeji alikuwa amelijaribu gari wiki ile, yeye peke yake. Lilichemka Matsangoni, likarudi likivutwa na lori la mchanga. Sasa akaleta fundi, mtu wa bara aliyekaa mtaa wa Kisumu Ndogo, mpole, mwenye mikono mikubwa. Gari lilisimama kiwanjani, hatua nne kutoka dirisha langu. Dirisha lilikuwa na pazia, na nyuma ya pazia nilikuwa mimi, na leso nyeupe, bila wanja wala mafuta mazuri, na bila ruhusa ya kusema na mwanamume asiye maharimu wangu. Wako wanaosema mjane kusema na watu kwa shida yake hakuna ubaya. Mama mkwe hakuwa miongoni mwao.

Fundi alijaza maji kwenye rejeta, akawasha injini, akalala chini na kipande cha boksi. Akatazama muda mrefu.

"Mzee, chini ni kavu," akasema. "Hakuna hata tone."

"Ni habari njema hiyo?" shemeji akauliza.

"Hapana. Maji inapungua na chini ni kavu. Basi injini ndiyo inakunywa. Hedi, kile kifuniko cha injini, imepasuka. Kutengeneza hiyo ni afadhali ununue gari ingine."

Shemeji akasema, "Inna lillahi," kama alivyosema siku ya msiba.

Mimi nyuma ya pazia nikatazama miguu yangu. Ilikuwa imenijia safari yetu ya mwisho ya Kilifi. Nilikaa mbele, kando ya mume wangu, na tulipofika Matsangoni miguu yangu ilikuwa imelowa. Maji ya uvuguvugu. Nilimwambia, akacheka, akasema ni kapu langu la samaki. Nilikuwa na kapu kweli, lakini samaki wale walikuwa na barafu, na tangu lini barafu ikatoa maji ya moto? Sikuuliza. Nilifika nyumbani nikalitoa kapeti la gari, nikalifua kwa sabuni, nikalianika. Na haikuwa mara ya kwanza. Kwa mwaka mzima nilikuwa nikilifua kapeti lile na kujilaumu kwa samaki.

Nikamwita mama mkwe. "Mama, waambie watazame ndani ya gari, chini ya miguu ya anayekaa kushoto. Maji yanamwagikia humo."

Mama mkwe alikuwa na miaka sabini na hajapata kugusa gari ila kwa kulipanda. Akajitanda buibui lake, akatoka, na akasema kwa sauti ya mtu aliyezaliwa gereji:

"Fundi! Mimi naona ugonjwa hauko huko unakotazama. Tazama miguuni."

"Miguu ya nani, mama?"

"Ya gari!"

Fundi akatazama magurudumu. Ikabidi mama arudi ndani kuniuliza tena, akatoka tena, akaeleza vizuri zaidi. Shemeji akafungua mlango wa kushoto, akapapasa chini.

"Pana unyevu," akasema. "Lakini mama, hili ni teksi. Limebeba samaki, madafu, na watoto wa watu. Lisiwe na unyevu kwa nini?"

"Na rejeta iko mbele kabisa," fundi akaongeza kwa upole. "Itamwaga aje kwa miguu ya abiria?"

Wakacheka wote wawili. Mama akarudi amenuna.

"Umenitia aibu mbele ya mtu wa bara."

Nilikaa nikifikiri. Elimu yangu iliishia darasa la nne, na habari za injini sikusoma. Lakini jikoni najua jambo moja. Maji ni maji, hayana alama. Yakikauka hujui yalitoka mtungini au kwenye samaki. Bizari ikimwagika, hata mwaka ujao utajua ilipomwagikia. Nikajaza bizari ya manjano kikombe kizima, nikampa mama.

"Watie hii ndani ya rejeta. Kisha waliendeshe."

Mama akaitazama. "Mwanangu, msiba umekuingia kichwani?"

"Mama, tafadhali. Ikionekana manjano miguuni, basi maji yale ni ya gari wala si ya samaki."

Hakuelewa, nadhani, lakini alikuwa na hasira ya kuchekwa, na hasira ilimfaa kuliko kuelewa. Alitoka na kikombe akamwamuru mwanawe mtu mzima, "Tia!" Shemeji akatia kwa kumwogopa mamake. Fundi naye hakukataa, kwa sababu yake mwenyewe: alisema bizari huziba matundu madogo, madereva wa bara hufanya hivyo. Kwa hivyo kila mmoja alikuwa na nia yake.

Ilikuwa Ijumaa. Shemeji alikuwa tayari amevaa kanzu nyeupe, akaona aokoe muda: fundi aliendeshe gari hadi msikitini naye akae kushoto, na kama likichemka njiani atamalizia kwa miguu.

Walirudi baada ya sala. Nilisikia mlango ukifungwa kwa kishindo.

"Mama!" shemeji akaita. "Mama, hebu njoo unione!"

Nilisogeza pazia upana wa kidole, Mungu anisamehe. Kanzu ilikuwa ya manjano kuanzia pindoni hadi karibu na goti. Miguu ya manjano. Viatu vya manjano. Na harufu iliingia dirishani kama vile mtu ameinjika mchuzi.

"Nimekosha miguu msikitini mara tatu," akasema. "Mzee aliyeswali kando yangu ameniuliza arusi ni ya nani na kwa nini yeye hakualikwa!"

Fundi hakucheka. Alikuwa ameshajipinda chini ya dashibodi, miguu tu ndiyo ionekanayo. Tukasikia bisibisi, kisha, "Ala!" Akatoka ameshika kitu kama rejeta ndogo, saizi ya kitabu, kimeoza, kinadondosha manjano.

"Hedi ni nzima," akasema. "Ni hii. Maji ya moto inatoka kwa injini inapita hapa ndani, halafu inarudi."

"Kwa kazi gani?" shemeji akauliza.

Fundi alisita, kama aliyeona haya kwa niaba ya yule mzungu aliyeliuza gari.

"Ni ya kupasha watu joto."

"Joto?" mama mkwe akasema. "Malindi?"

Hapo nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu msiba, na kicheko kilikuwa kimejaa, kikatoka chote kwa mara moja. Niliuma leso, haikufaa. Nilimwona mume wangu akiendesha gari mwezi wa Februari, kifua wazi, jasho linamtiririka, na mbele yake mashine inamwongezea joto. Nilicheka hadi nikalia, na kilio kile sikukizuia.

"Nani huyo acheka?" shemeji akauliza.

"Ni mimi," akasema mama, aliyekuwa amesimama mbele yake, mdomo umefungwa.

Kazi iliyobaki ilikuwa fupi. Fundi alikitupa kile kidude, akachukua kipande cha mpira wa maji, akaunganisha tundu la kutokea na tundu la kurudia, akafunga vibano viwili, akasafisha bizari kwa maji matupu mara nne. Akaliacha gari linanguruma saa nzima. Maji hayakupungua hata kijiko. Akamwambia mama, "Mama, wewe ni fundi kunishinda," na mama akamjibu, "Uzoefu, baba." Sikufurahi hata kidogo. Nilitaka nitajwe. Nasema kweli, nililiweka moyoni jambo lile miaka mingi kuliko inavyostahili.

Fundi alipoondoka, shemeji alikuja akasimama karibu na dirisha langu, ameligeuzia mgongo, uso ameuelekeza barabarani. Mama alikuwa katikati yetu, mlangoni.

"Mama," akasema, "mwambie huyo aliyecheka kwamba mtu wa Mombasa nitamrudisha. Jumatatu natia dereva. Na asifunge mizigo."

Mama akageuka akaniambia yote, neno kwa neno, na la mizigo akalirudia mara mbili.

Nikamwambia mama amwambie kwamba nimesikia, na Mungu amlipe. Mama akageuka upande wa pili, akamfikishia mtu aliyekuwa ameshasikia.